Nani Alilipia Masomo ya Walimu wa Montessori?



Juma hili tunapenda kutafakari pamoja nanyi historia ya kazi ambayo mabinti na vijana wetu wengi wanaitamani: kumlea mtoto mdogo kwa njia ya Montessori, ambamo mtoto mwenyewe huchagua kazi yake na mwalimu humfuata kwa kumwangalia na kumwandalia mazingira. Uzuri wa njia hiyo tumesimuliwa mara nyingi. Ni mara chache tunaulizana: mwalimu wa namna hiyo huandaliwaje, na ada yake hulipwa na nani? Bwana wetu alitukumbusha kwamba atakaye kujenga mnara huketi kwanza akahesabu gharama. Basi na tuketi, tuhesabu.

Maria Montessori alizaliwa mwaka 1870 huko Chiaravalle, Italia, akahitimu udaktari mjini Roma mwaka 1896. Tarehe 6 Januari 1907, Sikukuu ya Epifania, alifungua Nyumba ya Watoto ya kwanza katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo. Fedha zilitoka kwa kampuni ya majengo iliyomiliki nyumba zile za kupanga. Wazazi walipokwenda kazini, watoto walibaki peke yao wakiharibu kuta na ngazi. Kampuni ikaona ni nafuu kuwalipia mlezi kuliko kulipia ukarabati kila mara. Na mlezi wa kwanza hakuwa amesomea ualimu. Montessori hakulihuzunikia jambo hilo, kwani alitaka mtu aliye tayari kutazama kabla ya kufundisha.

Lakini sifa zilipoenea, wengi walitaka kujifunza, na hapo ndipo suala la fedha lilipoanza kuuma. Kozi ya kwanza ya kuwaandaa walimu ilifanyika mwaka 1909 mjini Città di Castello, katika makazi ya Baroni Leopoldo Franchetti na mkewe Alice. Wenyeji hao walimkaribisha, wakamhimiza aandike kitabu cha njia yake, wakagharimia uchapishaji wake. Huo ulikuwa mfuko wa kwanza: ukarimu wa matajiri wenye moyo.

Mfuko wa pili ulikuwa wa Kanisa. Tetemeko la Messina la Desemba 1908 liliacha yatima wengi, na baadhi yao walipokewa Roma na masista Wafransisko Wamisionari wa Maria, katika konventi yao ya Via Giusti. Hapo pakawa na Nyumba ya Watoto, na mwaka 1910 pakafanyika kozi ya walimu. Masista walitoa paa, bustani, mikono yao na sala zao. Tunaona fahari kuwakumbuka, kwa sababu mchango wao hauhesabiki kwa fedha, na kwa hiyo husahauliwa upesi.

Mfuko wa tatu ulikuwa ada ya mwanafunzi mwenyewe. Montessori aliacha ukufunzi wa chuo kikuu na kazi ya kutibu wagonjwa, akaishi kwa kozi na vitabu vyake. Mwaka 1913 aliendesha Roma kozi ya kwanza ya kimataifa, na wanafunzi wakaja kutoka nchi nyingi. Mwaka 1919 alifundisha London, ambako mpango ulidai saa 50 za mihadhara, saa 50 za kutumia vifaa, na saa 50 za kuwaangalia watoto kimya. Hakuruhusu mwingine kuwaandaa walimu pasipo idhini yake. Kwa upande mmoja alilinda ubora, maana wengi walitaka jina pasipo kazi. Kwa upande mwingine, maisha yake yalitegemea ada hizo. Matokeo yake tunayaona hata leo: njia iliyozaliwa kwa maskini wa San Lorenzo imekuwa, mahali pengi, shule ya wenye uwezo. Mwalimu aliyelipa ghali hulazimika kwenda atakakolipwa vizuri.

Ukaja mfuko wa nne, ule wa serikali. Kuanzia mwaka 1924 utawala wa Mussolini uliunga mkono shule na kozi zake. Lakini utawala ule ulitaka malezi yaitumikie siasa yake, na mwalimu anayemfundisha mtoto kuchagua hawezi kumtumikia dikteta kwa muda mrefu. Mwaka 1934 uhusiano ukavunjika, na shule za Montessori nchini Italia zikafungwa.

Mwaka 1939, akikaribia umri wa miaka 70, alikwenda India kwa mwaliko wa Jumuiya ya Theosofia. Huko Adyar, Madras, walimu wapatao 300 walihudhuria kozi katika vibanda vya makuti. Vita vikamzuia kurudi hadi mwaka 1946, na katika miaka ile aliwaandaa walimu zaidi ya 1,000. Alifariki Uholanzi mwaka 1952.

Ndugu wapendwa, historia hii inatufundisha nini? Kwanza, kila mfuko una masharti yake. Tajiri aweza kuchoka, serikali yaweza kugeuka, na ada yaweza kumfungia mlango maskini. Hekima ni kutotegemea mfuko mmoja.

Pili, kijana anayetaka kusomea kazi hii aulize kabla ya kulipa: je, nitakaa saa ngapi mbele ya watoto wenyewe, na siyo mbele ya ubao tu? Je, cheti hiki kinatambuliwa na serikali, au na chama cha Montessori tu? Chama cha kimataifa alichokianzisha mwaka 1929 hutoa stashahada inayoheshimiwa, lakini stashahada hiyo peke yake si leseni ya kufundisha katika kila nchi. Na jina la Montessori laweza kubandikwa na yeyote mlangoni.

Tatu, na hili latuhusu sisi sote. Nchini Tanzania na Kenya, masista wa mashirika mbalimbali wamezipeleka shule hizi hata vijijini. Hufundisha watoto ambao wazazi wao hawana cha kulipa. Iwapo jumuiya ndogo ndogo huweza kuchangia harusi na misiba, je, haiwezi kumsomesha binti mmoja atakayerudi kuwalea watoto wa jumuiya hiyo hiyo? Kampuni ya San Lorenzo ilitoa fedha ili kuta zisichafuliwe. Sisi tunaowaita watoto hawa hekalu la Mungu tutashindwa kutoa kwa sababu iliyo bora zaidi?

Tuombe neema ya kuhesabu gharama, na ujasiri wa kuilipa. Mungu awabariki nyote.