Habari za Vita Zilipofika Ifakara

Somo la leo ni historia ya bonde la Kilombero. Mwenye penseli na aandike.

Mwezi wa Julai 1905, watu wa Umatumbi walianza kupigana na Wajerumani. Walichoshwa na pamba ya lazima. Habari hizo zilisafiri kwa miguu, kijiji hata kijiji. Wajumbe walioitwa hongo walileta maji ya dawa, wakisema kuwa risasi zitageuka maji.

Katikati ya Agosti, Wambunga waliishambulia Ifakara, wakawaua askari waliokuwapo. Basi wengi waliona maji yamethibitika. Lakini tufikiri kidogo. Askari wa Ifakara walikuwa wachache. Ushindi ulikuwa wa kweli. Nguvu ya dawa haikuwa ya kweli. Habari ya kweli iliibeba ya uongo mgongoni.

Tarehe 30 Agosti, Wapogoro na Wambunga waliliendea boma la Mahenge. Huko kulikuwa na bombomu mbili, yaani bunduki za kupiga risasi mfululizo. Watu wengi walikufa siku ile.

Je, tuwacheke wazee wetu? Hata kidogo. Walikuwa mashujaa, na madai yao yalikuwa ya haki. Tena, si wao tu waliopotoka. Gavana von Götzen aliwalaumu waganga. Mtu akiwalaumu waganga, haulizwi habari za pamba yake. Katika miaka ya 1960, wanahistoria wa Dar es Salaam waliwauliza wazee wenyewe. Wazee wakataja pamba, kodi na viboko.

Leo habari haitembei kwa miguu. Masika yakichacha, simu inalia: "Daraja la Kilombero limekatika!" Usikimbilie kumpasha jirani. Jiulize kwanza maneno matatu:

1. Nani ameliona jambo hili kwa macho yake?
2. Anayenipa habari atafaidi nini nikiamini?
3. Lipi limethibitika, na lipi limeongezwa?

Kisha mpigie mtu aliye ng'ambo ya mto. Kama hujapata jibu, sema, "Sijui bado." Kusema hivyo si aibu.

Maswali ya kuzungumza darasani: Kwa nini ushindi wa Ifakara uliwafanya watu waamini dawa? Ungekuwa Mpogoro mwaka ule, ungemtuma nani Mahenge, naye aulize nini?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.