Tingatinga na Mandhari ya Ruvuma

Mkoa wa Ruvuma una pande mbili zisizofanana. Magharibi, katika wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, Lundo imekaa baina ya maji ya ziwa na milima ya Umatengo. Mashariki ni Tunduru, nchi ya miombo na wanyama pori, na huko ndiko alikozaliwa Edward Saidi Tingatinga mwaka 1932. Ni wachache mno wachoraji wa Tanzania ambao majina yao yamefika mbali kama lake. Ajabu ni kwamba mtu huyu wa Ruvuma mandhari aliigusa kwa nadra.

Katika kazi zake za baina ya 1968 na 1972, chui, tembo au ndege hujaza ubao mzima. Nyuma yake hamna mlima wala upeo wa macho, ila rangi moja iliyopakwa sawasawa, na pengine mti mmoja. Ubao ni hadibodi ya mafundi ujenzi. Rangi ni ile ing'aayo ya kupakia baiskeli, ambayo hukaa bapa na kuacha ukingo mkali kama wa picha ya chapa. Wanaodai kwamba hakujua kuchora umbali wanasahau vifaa alivyokuwa navyo. Wanasahau pia riziki: alikwisha kupitia vibarua vya mkonge Tanga na kazi za nyumbani Dar es Salaam, na wanunuzi wake wengi walikuwa wageni wa Oysterbay. Hata hivyo, soko halielezi yote. Chui wake anabeba pori mwilini. Madoa ya ngozi ndiyo majani, kivuli na mwanga.

Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakimdhania mhalifu, akafa. Wanafunzi wake, akina Ajaba Abdallah Mtalia na January Linda, waliuendeleza mtindo. Kadiri watalii walivyoongezeka, Kilimanjaro ikaanza kuchomoza nyuma ya tembo. Picha zikapata mandhari, mnyama akapungua.

Mwaka huohuo ilianzishwa Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, ambako George Lilanga wa Masasi alipaka rangi na kupiga chapa. Naye aliijaza nafasi kwa mashetani, si kwa milima. Samaki wa majabali ya Lundo, wenye milia na rangi za buluu na manjano, wangeenea ubao wa Tingatinga bila ya kuongezewa ziwa.