Sola ya Ushirika

Mpangaji wa nyumba ya mbao mjini Elburgon, Nakuru, hawezi kupanda juu ya mabati ya mwenye ploti akafunga paneli zake. Hata akiruhusiwa, huenda mwakani akahama. Watu wa hali hii ndio hasa walengwa wa mtambo wa sola wa kushirikiana: paneli hujengwa pamoja mahali penye jua la kutosha, watu wengi hujiunga kwa kulipia sehemu, na stima ya sehemu ya kila mmoja huhesabiwa kwenye akaunti yake. Mji wa Ellensburg, jimbo la Washington nchini Marekani, ulianza mwaka 2006; Minnesota ikatunga sheria yake mwaka 2013.

Wengi huuita mpango huo "sola ya jamii". Jina hilo lina kasoro. Vijijini, mradi wa jamii ni bomba la maji au darasa lililoletwa na mfadhili. Ukiharibika, kila mtu hungoja mwingine autengeneze. Anayeombwa kuulipia kila mwezi ana haki ya kushangaa.

"Sola ya ushirika" inafaa zaidi. Wafugaji wa Molo na Elburgon wanaijua sosaiti ya maziwa: mwanachama ana namba, ana hisa, na kwenye mkutano mkuu anauliza pesa zimekwenda wapi. Hapo lazima maneno mawili yatenganishwe. Mwenye hisa anamiliki kipande cha mtambo na ni mwanachama. Mlipa ada ananunua stima tu, naye ni mteja. Kumwita mteja mwanachama ni kumdanganya.

Ushirika nao haukubaliwi kwa macho yaliyofumbwa. Nakuru ni nchi ya pareto, na wakulima waliocheleweshewa malipo miaka na miaka waling'oa mimea yao. Hawalitilii shaka jua. Wanataka kumjua anayeshika pesa. Kampuni ya M-KOPA, iliyoanza kuuza sola mwaka 2012, iliwavuta wengi kwa malipo madogo ya M-Pesa, lakini pia kwa sababu mnunuzi aliiona paneli juu ya paa lake mwenyewe. Sola ya ushirika inamwomba alipie kwa imani paneli iliyo mbali na macho yake.

Imani hiyo imewahi kupatikana Kenya. Kitonyoni, Makueni, mtambo wa kilowati 13.5 ulijengwa mwaka 2012 kwa msaada wa Chuo Kikuu cha Southampton, ukakabidhiwa ushirika wa wenyeji. Paneli zake ni paa linalovuna maji ya mvua pia. Kule Tungu-Kabiri, upande wa mashariki wa Mlima Kenya, wanakijiji walichangia kazi na kununua hisa katika mtambo wa maji wa kilowati 18. Lakini huko kote gridi haikuwa imefika. Elburgon imefika.

Penye gridi, Sheria ya Nishati ya 2019 inamruhusu mtumiaji anayemiliki mtambo usiozidi megawati 1 kuomba mkataba wa kuhesabiana na msambazaji stima inayotoka kwake na inayoingia. Inamzungumzia mwenye mtambo. Mpangaji mwenye hisa katika paneli zilizo kwingine hakutajwa.

Kuna istilahi nyingine ya kurekebishwa. Vitabu vya kigeni husema mwanachama "hupunguziwa bili". Wakenya wengi hununua tokeni, hawana bili ya kupunguziwa. Kwao jina linaloeleweka ni "salio la sola": uniti zinazoongezwa kwenye mita, na ujumbe wa simu unaotaja idadi yake.