Seli shina: Je, dawa zaweza kuzirejeshea ujana?

WAHENGA walinena kuwa ujana ni moshi, ukienda haurudi. Hata hivyo, wanasayansi wanachunguza iwapo kauli hiyo yazihusu pia seli shina, yaani zile zinazozaa seli nyingine mwilini.

Seli shina ni akiba ya mwili. Zilizomo katika uboho wa mifupa hutengeneza damu bila kukoma, kwani seli nyekundu huishi takriban siku 120 pekee. Nyingine hukarabati misuli, ngozi na utumbo. Ushahidi wa kuwepo kwa seli shina za damu ulitolewa mwaka wa 1961 na James Till na Ernest McCulloch, watafiti wa Toronto, Canada.

Akiba hiyo nayo huzeeka. Kadiri miaka inavyosonga, jeni hupata dosari, na ishara zinazoziamsha seli hizo hufifia. Ndiyo sababu mojawapo ya misuli ya mzee kuchelewa kupona ikiumia, na kinga yake kudhoofika.

Mwaka wa 2005, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliunganisha mikondo ya damu ya panya mzee na panya kijana. Misuli ya yule mzee ilianza kujikarabati vyema zaidi. Ilibainika kwamba uwezo wa seli zake haukuwa umekufa, bali ulikuwa umelala.

Tangu hapo dawa kadhaa zimejaribiwa. Mwaka wa 2009, rapamaisini iliimarisha seli shina za damu za panya wazee, wakanufaika zaidi na chanjo ya homa ya mafua. Mwaka wa 2012, watafiti wa Ujerumani na Marekani walitumia kemikali iitwayo CASIN kuzuia protini inayozidi nguvu katika seli zilizozeeka. Seli hizo zilipopandikizwa katika panya wengine, zilifanya kazi kama za ujanani.

Lakini panya si binadamu. Rapamaisini hiyo hiyo hupewa wagonjwa waliopandikizwa figo ili kupunguza makali ya kinga ya mwili. Anayeimeza kiholela hujiweka katika hatari ya maambukizi. Isitoshe, kuchochea seli zenye dosari zizaane kwaweza kuzua saratani.

Hadi sasa hakuna dawa iliyoidhinishwa kurejesha ujana wa seli shina za binadamu. Anayeiuza leo anauza matumaini tu.