Gari dogo la kasi: Mambo ya kuzingatia kabla ya kununua

Volkswagen Golf GTI ilipoonyeshwa Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1975, injini yake ya lita 1.6 ilikuwa na nguvu za farasi 110, ilhali nafasi ya abiria ilikuwa ileile ya Golf ya kawaida. Mseto huo huwavutia wanaomudu gari moja tu.

Hata hivyo, kasi isiwe kigezo pekee. Magari ya aina hii huwa na springi ngumu na matairi yenye ukuta mfupi, hivyo rimu hupinda kwa urahisi kwenye mashimo. Injini zenye turbo nazo huharibika upesi zisipobadilishiwa oili kwa wakati.

Asiyemudu matengenezo hayo ni heri achague lenye injini ya kawaida, kwani gari la kasi lenye breki chakavu huhatarisha maisha.