Mjamzito unayefanya kazi ofisini: mguu mmoja ukivimba, usingoje

Kazi ya ofisini huonekana nyepesi, lakini kukaa kwenye kiti saa nyingi kuna hatari zake. Wakati wa ujauzito, na hadi wiki 6 hivi baada ya kujifungua, damu huganda kwa urahisi zaidi. Mama akikaa muda mrefu bila kusogea, damu hutembea polepole miguuni na bonge la damu linaweza kuziba mshipa.

Jikinge hivi:

- Simama utembee dakika chache kila saa. Ukiwa umekaa, chezesha vifundo vya miguu.
- Kunywa maji ya kutosha na usibane mkojo.
- Usinyanyue katoni za karatasi. Omba msaada.
- Waya zipite kando ya ukuta na droo zifungwe, usije ukajikwaa.

Miguu yote miwili kuvimba kidogo jioni ni jambo la kawaida. Lakini mguu mmoja ukivimba, ukauma na kuwa wa moto, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usiukande wala kuuchua. Maumivu ya kifua au kupumua kwa shida ni dharura. Vilevile uso kuvimba ghafla, kichwa kuuma sana au macho kuona ukungu: hizo ni dalili za kifafa cha mimba.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamkataza mwajiri kumpa mjamzito au anayenyonyesha kazi ya hatari kwake au kwa mtoto. Mama, zungumza na msimamizi wako mapema.