Vikwazo vya dawa za kulevya na mpaka wa Busia na Malaba

Vikwazo vya dawa za kulevya ni adhabu za kiuchumi au za kidiplomasia ambazo dola moja huiwekea serikali nyingine ili iwabane wasafirishaji. Marekani ndiyo iliyozitumia zaidi. Sheria yake ya 1986 ilimtaka rais azipime kila mwaka nchi zinazozalisha au kupitisha dawa kwa wingi. Iliyofeli hukatiwa sehemu kubwa ya msaada na kupingwa inapoomba mikopo kwenye benki za maendeleo. Colombia ilifelishwa 1996 na 1997, na barani Afrika Nigeria ilifelishwa katika miaka ya 1990.

Kenya haikuwahi kufelishwa. Iliyoigusa ni sheria ya Desemba 1999, inayowaandama watu badala ya serikali: mali zao zilizo mikononi mwa Marekani hufungiwa, na Wamarekani hukatazwa kufanya nao biashara. Tarehe 1 Juni 2011 Rais Barack Obama aliwaorodhesha Wakenya wawili, mmoja wao John Harun Mwau, wakati huo mbunge wa Kilome, ambaye alikanusha. Ndugu wawili wa Mombasa, Baktash na Ibrahim Akasha, walifikiwa kwa njia ya mahakama. Walipelekwa New York Januari 2017, wakakiri makosa mwaka uliofuata, na Baktash akafungwa miaka 25.

Hayo ni mambo ya heroini na pwani. Magharibi, mzigo ni bangi inayotoka Uganda, mara nyingi ikifichwa chini ya bidhaa halali. Malaba ni mji wa reli na foleni za malori ya Kampala, Kigali na Kongo. Busia ni kama mji mmoja wenye serikali mbili. Wateso na Wasamia wana jamaa pande zote, na njia za panya ni nyingi. Hata neno boda boda husemekana lilizaliwa mpakani hapa, kwa baiskeli zilizovusha abiria tangu miaka ya 1960.

Mpaka huu umewahi kuonja vikwazo, ingawa si vya dawa. Julai 1976, baada ya makomando wa Israeli kuvamia uwanja wa ndege wa Entebbe nchini Uganda, Kenya iliibania Uganda ya Idi Amin mafuta, hadi nchi hizo zilipopatana Agosti. Miaka hiyohiyo kahawa ya Uganda ilimiminika kwa magendo katika soko la Chepkube, kaskazini mwa Malaba, kwa kuwa baridi ya Julai 1975 iliunguza mibuni ya Brazil na bei ikapaa. Lori lilisimama, gunia la begani likapita. Bangi ni nyepesi kuliko kahawa.

Tena kipimo chenyewe cha Marekani cha kila mwaka kinaweza kupotosha. Mei 2023 Mahakama ya Katiba ya Uganda iliibatilisha sheria ya nchi hiyo ya dawa za kulevya. Mtu wa mbali angesema Uganda imelegea, kumbe kasoro ilikuwa akidi ya wabunge siku ya kuipitisha.

Nairobi na Kampala zimechagua ukaguzi wa pamoja. Kituo cha Busia kilizinduliwa rasmi Februari 2018 na marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni, na msafiri hukaguliwa mara moja, upande anaoingia. Anayenaswa na bangi upande wa Kenya hushtakiwa kwa sheria ya Kenya ya 1994. Nchi ulikotoka mzigo haiingii kwenye hati ya mashtaka.